Saa Kumi Zisizomo Kwenye Tiketi

Watu wakija ofisini kwangu huanza na swali lisilo na maana: "Ni mbali kiasi gani?" Nimekata tiketi za ndege kwa miaka kumi na tisa, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia, na sijaona mteja aliyetosheka na jibu lake. Ukimwambia kilomita elfu kumi na nne, anaitikia tu kwa adabu. Kwa hiyo mezani nimeweka tufe la plastiki na kipande cha uzi wa kushonea. Navuta uzi kutoka kwetu hadi anakokwenda, mteja anashangaa kwamba njia fupi inapanda juu karibu na barafu badala ya kunyooka kama alivyoiona kwenye ramani ya shuleni. Halafu ndipo anauliza swali lenyewe: "Nitatumia saa ngapi?"

Mawakala wengi hapo hupunguza. Wanakutajia saa za hewani tu, zile za kusinzia kwenye viti vya chuma katika uwanja usioujua wanazimeza. Mimi nahesabu tangu mlango wa kwanza unapofungwa hadi wa mwisho unapofunguliwa. Sijapanda ndege hata siku moja, lakini hesabu zangu hazina doa, na sioni haya kujisifu.

Jumatano moja Mjomba alikuja ofisini. Naishi naye nyumba moja, na alfajiri hiyo nilikuwa nimempikia uji. Kama alikuwa na neno, angeniambia pale pale mezani. Lakini alikuja na koti lake la kijivu, akakaa kwenye benchi nyuma ya wateja wawili, akangoja zamu yake kama mtu asiyenijua.

"Shikamoo Mjomba. Kuna nini nyumbani?"

"Marahaba. Nyumbani hakuna kitu. Mimi leo ni mteja. Nataka tiketi ya kwenda kwa Chiriku."

Chiriku ni binti yake wa pekee, binamu yangu, tuliyempa jina hilo kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza tena. Aliondoka miaka kumi na miwili iliyopita kwa tiketi niliyoikata mimi mwenyewe. Huko alikokwenda ameolewa, ana mtoto wa miaka minne ambaye babu yake anamjua kwa kioo cha simu tu. Karatasi zake za ukaazi hazijakamilika, akitoka hawezi kurudi. Kuja kwetu hawezi.

Na Mjomba naye si mtu wa kusafiri. Enzi zake alikuwa mpima ardhi, amezunguka na kamba na darubini mpaka watu wakamwita Mzee Futi. Mama yangu, dada yake, alipofariki alinichukua nikiwa na miaka tisa, akanilea pamoja na Chiriku. Sasa figo zake zimekufa mwaka wa sita huu. Siku moja mashine, siku moja nyumbani, bila kujali Jumapili wala sikukuu. Saa moja asubuhi namfikisha hospitali, anachomwa sindano mbili za mkono, damu inatoka, inasafishwa, inarudi, na saa sita mchana anachomolewa. Miaka miwili iliyopita mashine ziliharibika akakaa saa sitini bila kusafishwa. Tulimkuta ameanguka bafuni, moyo unaruka-ruka. Tangu siku hiyo daktari ameweka amri: saa arobaini na nane zisizidi, tangu sindano inapotoka hadi inaporudi.

"Mjomba," nilimwambia, "wewe huwezi kupanda ndege."

"Sikukuuliza kama naweza. Nimeuliza tiketi."

Akatoa pasipoti kwenye mfuko wa ndani. Viza ilikuwa tayari imegongwa. Yeye na Chiriku walikuwa wameishughulikia miezi kumi na moja, kimya kimya, mimi nikiwa chumba cha pili napima maji yake ya kunywa kwa kikombe. Ilimtaka aingie kabla ya Alhamisi ya wiki inayofuata, la sivyo waanze upya. Chiriku alikuwa ameshampatia hata nafasi ya mashine katika hospitali ya huko.

Niliudhika, sitaficha. Lakini sikutaka kuwa mimi wa kumkatalia. Nikamkatia tiketi ya Jumanne, nikampa na fomu ya afya ambayo shirika la ndege humtaka daktari aijaze kwa wagonjwa wa namna yake, nikajua atakataliwa huko, nami nitabaki mpwa mwema.

Alhamisi jioni aliiweka fomu mezani mbele yangu, imesainiwa na kugongwa muhuri.

Nikaisoma. Daktari alikuwa ameandika kwa mkono wake: kusafishwa kwa mwisho, Jumatatu, kumalizika saa sita mchana. Kuondoka, Jumanne saa moja asubuhi. Kufika, Jumanne saa tatu usiku. Kusafishwa huko, Jumatano saa mbili asubuhi. Jumla bila mashine: saa arobaini na nne. Anaruhusiwa.

Nikaisoma tena. Tiketi huandika kila saa kama inavyosomeka ukutani mahali pale pale. Saa moja asubuhi ni ya kwetu, saa tatu usiku ni ya kwao, na wao wako nyuma yetu kwa saa kumi. Ukitazama haraka unaona safari ya saa kumi na nne. Safari yenyewe ni saa sita ndege ya kwanza, nne za kusubiri, kumi na nne ndege ya pili. Ishirini na nne. Na hiyo Jumatano saa mbili asubuhi ya kwao, kwetu itakuwa saa kumi na mbili jioni. Mwili wa Mjomba haubadilishi saa ukivuka bahari. Utakuwa umekaa saa hamsini na nne.

"Mjomba, daktari amekosea."

"Hajakosea. Amesoma tiketi."

"Ulimwambia kwamba huko wako nyuma yetu?"

"Hakuniuliza."

"Mjomba! Wewe ndiye uliyenifundisha mambo haya, kwa chungwa na kalamu, nikiwa darasa la tano!"

"Digrii kumi na tano, saa moja," alisema bila haya yoyote. "Digrii mia na hamsini, saa kumi. Nilizihesabu kabla yako, mwanangu. Naomba usizitaje."

Nikaondoka mezani. Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Niseme ukweli wa moyo wangu, kwa kuwa bila huo hamtaelewa nilichofanya kesho yake. Sikuwa na hofu tu. Nilikuwa na wivu. Miaka sita nimemwendesha, nimemkanda miguu, nimemficha chumvi, nimeacha mchumba aliyesema hawezi kuoa mwanamke na mgonjwa wake. Na yule aliyeondoka, anayepiga simu Jumapili kwa kicheko kirefu, ndiye mzee yuko tayari kumfuata hata kwa roho yake. Mimi, aliye naye kila siku, sikuwahi kuombwa kitu isipokuwa ninyamaze.

Ijumaa saa nne asubuhi simu ya ofisi ililia. Alikuwa muuguzi wa kitengo cha figo.

"Daktari anataka kuthibitisha tu," alisema. "Huyu mzee wa Jumanne. Safari yake ikoje?"

Hapo ndipo pa kusema. Maneno matano yangetosha. Lakini nilimwona Mjomba na pasipoti yake mfuko wa ndani, nikasema moyoni, haya, si umemchagua yeye, nenda. Nikajibu kwa sauti ya kazi: "Anaondoka Jumanne saa moja asubuhi. Anafika Jumanne hiyo hiyo saa tatu usiku."

"Asante dada. Ndivyo alivyoandika."

Hakuna neno hata moja la uongo katika jibu lile. Nimelirudia mara nyingi nikitafuta la uongo la kutubia, silioni. Lakini nilipoweka simu chini, mteja aliyekuwa mbele yangu akauliza kama nimepata habari za msiba.

Jumamosi nilimpeleka kwenye mashine nikarudi naye bila kusemezana. Jumapili nilimpigia Chiriku kwa siri nikamwuliza kama hospitali yao inaweza kumpokea baba usiku ule ule akishuka. Akasema haiwezekani, mgonjwa mgeni hupokelewa asubuhi tu, baada ya vipimo. "Kwani kuna nini, dada?" Nikasema hakuna kitu. Usingizi ulinipaa. Kila nikifumba macho namwona ameanguka, safari hii si bafuni kwetu bali kwenye njia nyembamba katikati ya viti, watu wakimruka.

Jumatatu maji yalinifika shingoni. Mjomba alikuwa tayari amelazwa, mirija miwili mkononi, mashine inazunguka. Daktari alikuwa anapita kitanda hadi kitanda. Nikamsimamisha pale pale, mbele ya mzee, kwa sababu sikutaka kumsema nyuma ya mgongo wake.

"Daktari, si saa arobaini na nne. Ni hamsini na nne."

Nikamweleza. Hakupaza sauti. Ni mwanamke mtulivu, mwenye miwani ya kamba. Alivua miwani akahesabu kwa vidole, akamtazama Mjomba, akanitazama mimi.

"Muuguzi wangu alikupigia Ijumaa."

"Ndiyo."

"Ijumaa mngeniambia, ningempangia zamu ya jioni leo. Angechomolewa saa nne usiku, angesafiri salama. Ningebadilishana na mgonjwa mmoja tu." Akavaa miwani. "Leo zamu ya jioni imejaa, na watu wako njiani wanakuja. Siwezi kumtoa mtu kwenye mashine."

Akachukua fomu kwenye faili, akakata saini yake kwa mistari miwili. Mjomba aligeuza uso ukutani, na kwa sababu ya mirija hakuweza kugeuka mwili mzima.

Kwa hiyo haukuwa uongo wake uliomnyima safari. Uongo wake wa Alhamisi ulikuwa bado unarekebishika Ijumaa. Ulipita mikononi mwangu, nikauacha upite, halafu nikajitia wema wakati wema hauna kazi tena.

Alasiri nilifuta tiketi kwa kompyuta. Nilimwuliza kama nimwambie Chiriku. "Nitamwambia mwenyewe," alisema, na hayo ndiyo maneno pekee ya siku ile.

Jumanne saa moja asubuhi nilimkuta sebuleni, koti limefungwa vifungo, viatu miguuni, sanduku dogo pembeni, amekaa wima kwenye kiti cha mbao. Nikajua amenuna. Nikamwacha na sinia la chakula, nikaenda kazini. Jioni nilimkuta kiti kile kile. Alikuwa amekula nusu ya chakula, na maji alikuwa amekunywa yale niliyompimia, si tone zaidi. Nikamwomba akalale, akasema yuko sawa hapo hapo. Nikamfunika shuka.

Jumatano asubuhi nilimletea fimbo yake. "Twende, Mjomba. Saa moja inafika."

"Hospitali yangu ni saa kumi na mbili jioni," alisema. "Sasa hivi ndege ndiyo kwanza inashuka."

Ndipo nikaelewa mzee anafanya nini tangu jana. Nikakaa juu ya sanduku lake.

Saa mbili, tukiwa bado hivyo, simu yangu ikaita. Chiriku. Kwao ilikuwa Jumanne, usiku.

"Dada, watu wote wameshatoka. Hata wahudumu wa ndege wametoka na mabegi yao. Baba yuko wapi?"

Hakuwa amemwambia. Mjomba akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Mama, niko nyumbani," alisema. "Sikupanda." Alisikiliza kwa muda mrefu. Nyuma ya sauti ya Chiriku kulikuwa na sauti ndogo inauliza kitu, inakirudia. "Mwambie babu alizuiwa." Hakusema na nani. Akanirudishia simu, nayo imeshakatika.

Nilimpigia daktari. Akasema mlete hata kwa kumbeba. Nikamwita jirani yetu, seremala, mtu wa mikono minene, tumbebe. Seremala alisimama mlangoni, akamsalimia mzee, wakaongea kidogo, kisha akanivuta pembeni. "Mzee ana akili zake timamu," alinong'ona. "Mimi siwezi kumbeba mtu mzima kama kabati, huku ananitazama." Akaenda zake, lakini kila baada ya saa alikuja kuchungulia dirishani.

Saa sita mchana Mjomba alisema, "Arobaini na nane. Kuanzia hapa ni zile ulizozitaja kwa daktari."

Saa nane pumzi zilianza kuwa fupi. Saa tisa miguu ilikuwa imevimba, nikamlegeza kamba za viatu, akanikataza kuvivua. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Daktari alipiga simu mara mbili, mara ya pili alisema ameacha mashine moja wazi na yeye mwenyewe haondoki mpaka tufike. Nilipiga magoti mbele ya kile kiti.

"Mjomba, Ijumaa nesi alinipigia, na sikusema kwa sababu nilikuwa na wivu. Si kwa kukusaidia. Nilikasirika. Nisamehe, tuondoke."

"Najua kuwa ulikasirika." Alikuwa anasema maneno matatu, anapumua, anasema matatu mengine. "Miaka sita unanibeba. Halafu nataka kwenda kwa mwingine. Hata mimi ningekasirika."

"Basi kwa nini unaniadhibu hivi?"

"Sikuadhibu, mwanangu. Nataka tu kujua. Ningefika au nisingefika."

Nilimshika kifundo cha mkono nikawa nahesabu mapigo. Yalikuwa yanakwenda, yanasita, yanakwenda. Nimewahesabia watu saa maisha yangu yote, na sikujua kwamba saa moja inaweza kuwa ndefu namna ile. Saa kumi na moja na nusu alifumba macho nikapiga kelele, akafumbua, akasema kwa hasira kidogo kwamba alikuwa anapumzika tu.

Saa kumi na mbili kamili Mjomba alishika fimbo. Nikamwahi kwapani, akanisukuma taratibu kwa kiwiko. Alisimama mwenyewe. Ilichukua muda, na fimbo ilitetemeka mpaka ikagonga sakafu mara kadhaa, lakini alisimama, koti limefungwa, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Ningefika," alisema.

Nilianza kulia. Alikuwa hai, na ndiyo sababu nililia. Nilikuwa nimemzuia kwa kusema hawezi, naye alikuwa amesimama mbele yangu, katika saa ile ile, anaweza.

"Nitakutafutia viza nyingine," nilisema tukielekea garini, yeye ananiegemea sasa, mzito kuliko siku zote. "Nitaanza kesho. Zamu ya jioni tutaipanga mapema, daktari alisema inawezekana, safari hii tutasema kila kitu."

Alitikisa kichwa. Alisimama kidogo kushika pumzi, mkono kwenye mlango wa gari.

"Hapana, mwanangu. Mwili huu ulikuwa na safari moja tu. Nimeshaimaliza pale kitini."

Akaingia, akavuta mkanda, akaufunga mwenyewe. Nikawasha gari.